Wananchi Wakishangilia Gari la Sinema

Siku niliyokwenda kwake kikazi kwa mara ya kwanza, Bwana Sinema alikimbia. Gari letu lilikuwa na namba za serikali na dereva alikuwa amevaa miwani myeusi. Hayo mawili yalimtosha. Niliuona mgongo tu, shati la kijivu likipenya kwenye shamba la kakao nyuma ya nyumba, mtu wa miaka sabini na ushee anakimbia ameinama kama anayekwepa mawe. Nikamwita. Nikajitaja kwa jina la baba yangu, nikataja nyumba yetu ya ng'ambo ya mfereji, nikasema mugonile kwa sauti, kama tulivyofundishwa kuwaamkia wakubwa. Majani makavu ya kakao yakaendelea kulia kwa mbali, halafu yakanyamaza. Tulingoja karibu saa nzima. Dereva aliporudisha gari mpaka barabarani ndipo alipotoka, ana utando wa buibui kichwani, akanipa mkono wa baridi kabisa wakati jua lilikuwa la saa saba.

"Mama, umekuja kunichukua?"

Nikamwambia nimekuja kuona filamu. Kwake yeye, hilo lilikuwa jambo lilelile.

Talatala nzima, kijiji chetu, ilimwita Bwana Sinema, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Ujanani alikuwa dereva na mwendeshaji wa gari la sinema, lile la idara ya habari lililozunguka vijijini na projekta, jenereta, kipaza sauti na kitambaa cheupe. Aliendesha, alitangaza, alifunga kitambaa kati ya miti miwili, akaonyesha filamu za kilimo bora na za kuchemsha maji, halafu akafungasha na kwenda kijiji kingine. Baadaye akapewa na kamera, apige picha za watu wa huku ili nao wajione. Kwa hiyo upo wakati, mfupi lakini ulikuwapo, ambapo mwambao huu wa Ziwa Nyasa ulikuwa na mtengeneza filamu wake.

Tulipozaliwa sisi hayo yalikuwa yamekwisha. Tulichokijua ni stoo yake: chumba cha matofali ya kuchoma, mlango wa bati wenye kufuli mbili, na harufu kali ya siki iliyotoka humo kila joto lilipozidi. Watoto tuliambizana kwamba mle ndani kuna mtu aliyekaushwa. Mama yangu alitukataza kupita karibu kwa sababu yake mwenyewe: alisikia kwamba filamu hulipuka, na kwamba mzee akiwasha kiberiti siku moja ataondoka na nyumba tatu. Nilipita pale kila siku kwenda shule, na kuanzia kwenye kona ya uzio wake mpaka kwenye daraja nilikuwa nakimbia. Ilinichukua miaka mingi na masomo mengi kuja kujua kwamba ile ni harufu ya filamu inayokufa. Plastiki yake huoza polepole ikatoa tindikali, na mkebe mmoja ukianza, huambukiza wa jirani yake. Kujua hivyo hakukuniondolea hofu. Kulinipa nyingine.

Jinsi alivyozipata zile filamu aliniambia kwa vipande, ziara hadi ziara. Ofisi ya idara yake ilipofungwa, aliletewa agizo kwamba mikebe yote iliyochakaa ichomwe moto. Akachimba shimo, akachoma magunia na matairi mabovu mpaka moshi ukaonekana sokoni, akaandika taarifa kwamba kazi imekamilika. Mikebe arobaini na mmoja ilikuwa tayari iko kwake, imefunikwa kwa mpunga. Tangu siku hiyo alijiona mwizi wa mali ya serikali. Nyuma ya mlango wa chumba chake cha kulala ulitundikwa mfuko wenye sabuni, mswaki, blanketi jembamba na shati moja safi, ukingoja siku watakayomjia. Binti yake aliniambia kwamba sabuni ilibadilishwa kila ilipopasuka kwa kukauka. Mkewe, alipokuwa hai, ndiye aliyeufua ule mfuko.

Alikuwa mwoga wa mambo mengi, wala hakuficha. Aliogopa radi, mbwa, sindano na mtumbwi. Harusini alikaa karibu na mlango. Mtu akimwelekezea simu kumpiga picha, aligeuka na kuangalia ukutani mpaka amalize. Lakini mtu huyo huyo alikuwa amelala juu ya siri iliyoweza kumfunga, mwaka baada ya mwaka, wakati wenzake majasiri walikuwa wameuza hata nati za ile jenereta.

Jingine ambalo sikulielewa: hakuruhusu filamu zake ziguswe, lakini alizitoa kwa mdomo bure. Watu wakikaa kwenye majamvi kugeuzageuza kakao iliyoanikwa, aliwasimulia filamu nzima, kuanzia jina mpaka mwisho, huku akitoa mlio wa projekta kwa ulimi kati ya sentensi na sentensi. Akifika mahali filamu ilipokatika, na yeye alinyamaza, akaangalia vidole vyake kana kwamba anaunganisha, halafu akaendelea. Wazee walimsahihisha wakikumbuka tofauti. Alipenda kusahihishwa na mtu aliyekuwapo. Asiyekuwapo hakuwa na nafasi kwake. Mchungaji akihubiri habari za Galilaya, mtangazaji akisoma taarifa redioni, jirani akileta umbea wa sokoni, yeye alikuwa na swali moja, analitoa taratibu, bila ukali: "Ulikuwapo?"

Na mimi aliniuliza.

Ninafanya kazi kwenye ghala la filamu la makumbusho fulani ya mjini. Mkuu wangu wa kazi aliandika kitabu cha historia ya sinema kinachosomwa na wanafunzi, na mimi ndiye niliyemkusanyia habari. Tulivyoiandika historia ile ni rahisi kueleza: tuliingia ghalani, tukafungua daftari la kupokelea filamu, tukaandika kilichomo. Sehemu zenye mikebe mingi zilipata sura nzima. Sehemu zisizokuwa na mikebe zilipata sentensi, au hazikupata kitu, na msomaji angedhani watu wa huko hawakuwahi kuona picha inayotembea. Kwa upande wa kwetu daftari lilikuwa na mstari mmoja tu. Ulisema: *Kyela, Lyulilo. Wananchi wa ziwani wakishangilia gari la sinema. Imesafishwa, imerudishwa wilayani.* Filamu yenyewe haikuwapo. Kutokana na mstari huo mkuu wangu alijenga aya nzuri, jinsi watu wa mwambao walivyoipokea sinema kwa furaha, wakaja kwa mitumbwi kutoka vijiji vya mbali, wakipunga mikono. Mimi niliichapa. Maneno "kwa bashasha" niliyaongeza mwenyewe, kwa fahari ya nyumbani.

Kitabu hicho nilimpelekea Bwana Sinema kama zawadi. Alikisoma kwa rula, anaiweka chini ya mstari, anashuka nayo. Alipofika kwenye aya yetu rula ilisimama.

"Ulikuwapo?"

"Hapana, baba. Imo kwenye daftari."

"Na daftari lilikuwapo?"

Nilidhani ananitania, nikacheka. Kisha nikaona yeye hacheki. Akakifunga kitabu, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema hawezi kulala nacho nyumba moja. Nilirudi mjini nikiwa nimekasirika kidogo. Nilifikiri ni wivu wa mtu ambaye jina lake halikutajwa.

Hata hivyo nilirudi, likizo baada ya likizo, kwa basi, bila gari la serikali. Nilimweleza wazi kwamba kisichokuwa ghalani kwetu hakiandikwi, na kisichoandikwa watoto wataambiwa hakikutokea. Maneno hayo yalimwingia. Ziara ya tatu alifungua kufuli ya kwanza. Ya nne, ya pili.

Kazi ile aliijua kuliko walimu wangu. Alinusa mkebe kabla ya kuufungua na kusema huu bado, huu umeanza, huu uache. Alishika filamu pembeni tu, kwa ncha za vidole, akaipitisha kwenye mwanga wa dirisha na kuniambia anachokiona: wavunaji wa mpunga, mbio za mitumbwi, mkutano wa shule ambayo siku hizi ni gofu. Niliandika kadi, yeye akanitajia waliomo, na aliokuwa na shaka nao aliniambia niache nafasi. Hivyo tukamaliza mikebe arobaini. Wa arobaini na moja ulikuwa umezungushiwa utepe wa mpira wa baiskeli mara nyingi hata bati halikuonekana. Nilipounyoshea mkono alisimama akaenda nje, akakaa huko mpaka nilipoondoka kwenda kwetu. Hatukuuzungumzia. Lakini tangu siku hiyo nami niliuogopa, bila kujua ninaogopa nini.

Aprili iliyofuata mvua ilipiga siku tano mfululizo. Nilikuwa nyumbani, na asubuhi ya siku ya sita niliona maji yanakuja kutoka upande wa mashamba ya mpunga, ya kahawia, bila kelele yoyote, yanapita kati ya migomba kama mtu anayejua njia. Nilikwenda kwake nikiwa nimekunja kitenge mpaka magotini. Tulianza kuitoa mikebe stoo na kuipandisha kwenye dari ya nyumba; tulipofika kumi, maji yalikuwa magotini kweli. Tulipofika ishirini, kuku walikuwa juu ya paa la banda. Mimi nilisimama kwenye ngazi napokea, yeye anaingia stoo na kutoka. Ukuta wa stoo ukaanza kutoa mlio kama kuni zinazopasuka, na ufa ukashuka kutoka dirishani mpaka kwenye maji. Nikamwambia inatosha. Nikamwambia tena. Kwenye dari ilikuwapo arobaini, nilihesabu kwa kuigusa, na yeye akageuka akaingia tena.

Sijawahi kuogopa hivyo. Niliona mlango ule mweusi na maji yanayoingia, na kwa muda ambao siwezi kuupima hakukuwa na kitu kingine duniani. Nilitaka kushuka, sikushuka. Kisha akatokea, maji kifuani, mkebe wenye mpira ameuweka kichwani na kuushika kwa mikono miwili. Alipokuwa kwenye ngazi ukuta wa nyuma ulilala ndani ya maji taratibu, kipande kizima.

"Sijui kuogelea," aliniambia tulipokuwa darini. Alisema kama anayenipa habari za mtu mwingine.

Maji yalipopungua tulihamia kwa binti yake, Kyela mjini. Mumewe ni mfanyabiashara Mwislamu, ukoo wao ulitoka pwani, ana duka la vitenge. Alisogeza marobota yake upande mmoja wa stoo bila kuuliza swali, akatuachia rafu za kukaushia mikebe. Akamvalisha mkwewe kanzu, kwa kuwa nguo zake zote zilikuwa tope. Hivyo ndivyo ninavyomkumbuka asubuhi ile: mzee wa kanisa ndani ya kanzu nyeupe iliyomzidi urefu, amekaa juu ya robota, ana ule mkebe mapajani, anafungua mpira mzunguko mmoja mmoja.

Alianza kuongea bila kuniangalia. Alisema wiki moja kabla ya kuipiga filamu ile alipita mwambaoni akitangaza. Aliwaambia wanawake wa Ikombe, wafinyanzi, kwamba siku ya soko atakuwa Lyulilo na kamera. Waje na vyungu vingi kadiri wawezavyo, vionekane vizuri. Na wakikaribia, wakimwona amesimama mchangani, wainue mikono wapunge, kwa sababu picha ya watu waliokaa kimya haina uhai. Wakatii. Walipakia mtumbwi kuliko walivyowahi kuupakia. Walipokuwa karibu kufika, upepo ulishuka kutoka milimani, kama unavyoshuka huku, ghafla na kwa pembeni.

Yeye alikuwa mchangani, jicho kwenye kamera. Ilikuwa kamera ya kujaza kwa ufunguo wa ubavuni, kama saa. Ukiijaza inakwenda nusu dakika hivi, halafu inasimama mpaka uijaze tena. Aliona mikono inainuka.

"Mara ya kwanza nilidhani wanapunga," alisema. "Niliwaambia vizuri, vizuri hivyo hivyo. Kamera ikasimama. Nikajaza ufunguo. Mara ya pili nilijua."

Wavuvi waliokuwa sokoni walijitosa wakatoa waliowaweza. Watu sita walikufa. Walipokuja wa kuuliza, Bwana Sinema alisema alikuwa amegeukia jenereta, anatengeneza, hakuona kitu. Filamu ilikuwa na namba, asingeweza kusema imepotea, kwa hiyo aliituma mjini kusafishwa pamoja na nyingine, na juu ya mkebe akaandika kwa mkono wake yale maneno. Wananchi wa ziwani wakishangilia gari la sinema. Aliyesafisha naye aliona mikono tu. Aliandika daftarini kile alichokisoma kwenye mkebe, akairudisha. Na mimi, baada ya miaka zaidi ya arobaini, nikaongeza bashasha.

Nilimuuliza kwa nini hakuichoma.

"Niliogopa," akasema. "Nikiichoma nitaanza kuyaamini niliyowaambia."

Hakuwahi kuitazama. Na sasa, alisema, uzee umemchanganya. Kuna siku anajiambia kwamba ile mara ya pili haikuwapo, kwamba aliiota tu kwa ajili ya majuto, kwamba kamera iliposimama aliitupa akakimbilia majini kama wengine. Akanipa mkebe. "Kaitazame wewe. Uje uniambie nilipiga mara ngapi. Moja au mbili."

Nilibeba mkebe ule kwenye basi mpaka mjini, mapajani, na kila kituo nilijiambia kwamba huenda imeganda, huenda hakuna kitu tena. Ilikuwa imesinyaa, isingepita kwenye mashine yoyote. Niliilaza juu ya meza ya taa na kuitazama kwa lenzi, picha moja moja. Milango ya chumba kile haina ufunguo, lakini siku hiyo niliegemeza kiti.

Ya kwanza ni ndefu. Sitaieleza yote. Mtumbwi, vyungu, maji, halafu mikono, mingi, iliyonyooka juu. Mtu asiyejua angesema furaha, na hilo ndilo lililonitia baridi: hata mimi niliyejua, kwa picha thelathini au arobaini za mwanzo, niliona furaha. Kisha pakawa na picha moja nyeupe, iliyoungua kwa mwanga, pale kamera iliposimama. Kidole changu kilikuwa juu yake. Sikutaka kukisogeza. Nilipokisogeza, ya pili ilikuwapo. Fupi, sekunde saba au nane. Mtumbwi umepinduka, na binti mmoja ameshika ubavu wake, anaangalia moja kwa moja kwenye kamera. Kisha picha inalala upande: mchanga, anga, miguu ya mtu inakimbia na kutoka nje ya picha. Ilikoelekea, filamu haionyeshi.

Mkuu wangu aliitazama yote. Si mtu mbaya. Alisema daftari ni daftari, kitabu kiko mashuleni, na mtu mzee anaweza kujitungia dhambi. Mikono imepungwa, nani atathibitisha kwamba si shangwe? Nilitambua kwamba tumerudi kwenye lile swali la yule mzee. Ikabidi nimtafute aliyekuwapo.

Ikombe wanafika kwa mtumbwi. Nilikaa katikati, nimeshika kingo zote mbili, sikutazama maji hata mara moja. Kwenye simu nilikuwa nimechukua baadhi ya zile picha. Wanawake waliokuwa wakilainisha vyungu waliniongoza kwa bibi mmoja aliyekuwa akifinyanga peke yake nyuma ya nyumba, anakizunguka chungu kwa kutembea, kwa kuwa wao hawana gurudumu. Nilimsalimu, nikajieleza, nikaogopa kuendelea. Alinawa mikono, akaichukua simu, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wazee.

"Huu mkono wenye bangili ni wa dada yangu," alisema. "Sikuwa na picha yake."

Nikampa inayofuata. Aliishika muda mrefu zaidi. Udongo uliobaki kwenye kidole gumba chake uliacha alama kwenye kioo. Yule binti aliyeshika mtumbwi alikuwa yeye.

Aliongea taratibu, Kiswahili kikipokezana na Kikisi, lugha yao. Alisema alimwona mtu wa sinema. Alimwona anakishusha kile kitu, anazungusha pembeni yake kama anayejaza saa, anakiinua tena. Aliwaambia hivyo waliokuja kuuliza. Wakasema msichana aliyekunywa maji anaota, mtu wa sinema alikuwa kwenye jenereta, imeandikwa. Mama yake mwenyewe alimwomba aache kusema hivyo. Akaacha. Akaolewa, akazaa, akazika, na lile jambo amelibeba peke yake mpaka akaanza kujiuliza kama kweli aliota.

"Sikutaka afungwe," alisema. "Nilitaka aseme aliniona."

Kadi ya ghalani nimeibadilisha. Nilipoleta maneno ya yule bibi mkuu wangu alitia sahihi, bila kuniangalia. Kitabu bado kinafundishwa kama kilivyo, bashasha yangu imo.

Nilimkuta Bwana Sinema kwenye kibaraza cha duka la mkwewe, amekonda. Niliuliza habari za afya, za kakao, za nyumba inayojengwa upya. Aliniacha nimalize zote.

"Ngapi?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilitaka kuanza na miguu ile inayokimbia, na kwamba ya pili ni fupi sana. Nilianza hivyo. Akainua kiganja.

"Ngapi, mama?"

"Mbili, baba."

Alifumba macho. Watu waliingia dukani na kutoka, mkwewe alikuwa akipima kitenge, na mzee yule alibaki hivyo mpaka nikaogopa kwamba nimemuua. Kisha akasema ndaga, asante ya kwetu, kwa sauti ndogo. Akauliza kama yule msichana wa kwenye mtumbwi yuko hai. Nikamwambia yuko, na siku za soko huleta vyungu Lyulilo. Nikamwambia bibi huyo anataka nini kwake.

Siku ya soko mkwewe alitupeleka kwa gari lake. Kutoka kijiji cha Matema mzee alitaka kurudi mara mbili; mara ya pili gari lilisimama akashuka kabisa, akasimama pembeni ya barabara, akarudi kukaa. Hakuwa amekanyaga mchanga ule tangu siku ile. Sokoni nilimshika kiwiko, tukashuka mpaka mchangani. Mitumbwi ilikuwa imefika. Yule bibi alikuwa amepiga magoti kati ya vyungu vyake, anatoa majani ya kufungia. Wanawake wenzake walikuwa kushoto na kulia, wengine wamekaa juu ya vyungu vilivyopinduliwa.

Alimtambua kabla sijasema. Niliona mikono yake inasimama.

Bwana Sinema alivua kofia. Nilidhani ataanguka, au atakimbia kama alivyonikimbia mimi kwenye kakao.

"Nilikuona," alisema.

Ilikuwa sauti ya chini, ya kusikika na sisi wawili tu. Bibi alimtazama. Akaweka chini majani aliyoshika, akapangusa mikono kwenye kitenge, akaangalia upande huu na upande ule walikokaa wenzake.

"Sema tena," akamwambia. "Na hawa wasikie."

Akasema tena.